Gitaa la Dhahabu: Lipigwe Rangi Upya au Liuzwe?

Gitaa la umeme aina ya Les Paul lilianza kuuzwa na kampuni ya Gibson mwaka 1952, likitengenezwa katika kiwanda chake cha Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Bodi yake ni ya mahogani, juu yake limebandikwa tabaka la mti wa mepli, na uso wote umepigwa rangi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ni unga wa shaba uliochanganywa na vanishi ya nitroselulosi, kisha ukafunikwa kwa vanishi isiyo na rangi. Mwaka 1958 Gibson iliacha dhahabu ikahamia kwenye sanbasti, yaani manjano ya katikati yanayokolea taratibu hadi kuwa mekundu pembeni, huku mistari ya mbao ikionekana chini yake. Sanbasti zilitengenezwa hadi 1960, na makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba idadi yake ni kama 1,500 tu. Wakati huo hazikuwa na soko kubwa, na Gibson ikaliacha umbo lenyewe kwa miaka kadhaa, mpaka wapigaji wa bluzi wa Uingereza, Eric Clapton akiwa wa mbele, walipolifanya litafutwe upya. Lilirudi kiwandani mwaka 1968.

Leo sanbasti moja isiyoguswa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Les Paul ya dhahabu ya miaka iliyotangulia, iliyotoka kiwanda kilekile kwa mbao za aina ileile, huuzwa kwa sehemu tu ya bei hiyo. Pengo hilo, pamoja na uchakavu wa rangi yenyewe, ndilo linalowafanya wenye magitaa ya dhahabu waulize kila mara kama walipeleke gitaa kwa fundi au kwa mnunuzi.

Gitaa linaloletwa mezani hapa ni la mwaka 1954. Marehemu aliyeliacha alilipiga kwenye baa na kumbi za dansi kwa miaka mingi, na aliyelirithi si mwanamuziki. Dhahabu imekwisha pale mkono wa kulia unapoegemea, na kandokando ya sehemu hiyo imegeuka kijani. Vanishi imejaa nyufa nyembamba. Vigingi vya Kluson vya kukazia nyuzi viling'olewa vikawekwa vya Grover, ambavyo huhitaji tundu pana zaidi. Mengine yanaonekana kuwa ya kiwandani. Wanaoulizwa shauri ni wanne: mkusanyaji, fundi, mpigaji na dalali.

Mrithi: “Swali langu ni dogo, wazee wangu. Lilivyo sasa linaonekana limechoka. Nikilipeleka lipigwe dhahabu mpya, si litapata bei nzuri zaidi? Nyumba ikitaka kuuzwa hupakwa rangi kwanza.”

Mkusanyaji: “Nyumba haiulizwi rangi yake ya kwanza ilipigwa na nani, ndugu yangu. Gitaa hili linaulizwa. Ukilipiga msasa leo, kesho utakuwa umelipa fundi ili akupunguzie nusu ya mali yako.”

Hiyo nusu si maneno ya kutisha tu. Ni kipimo cha mkato ambacho wauzaji wa magitaa ya zamani wamekitumia kwa miaka mingi: gitaa la thamani lililopigwa rangi upya hukadiriwa kwa karibu nusu ya bei ya mwenzake mwenye rangi ya kiwandani, hata kazi ya fundi ikiwa nzuri kiasi gani. Kipimo chenyewe hupanda na kushuka kulingana na aina ya gitaa, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Mrithi anashangaa, na ana haki ya kushangaa, kwa kuwa vitu vingi vya dukani hupanda bei vikitengenezwa.

Sababu ni kwamba mnunuzi wa gitaa la 1954 hanunui mbao na nyaya peke yake. Ananunua uhakika kwamba kitu anachokishika ni kile kilichotoka Kalamazoo mwaka ule, na rangi ndiyo shahidi mkubwa wa jambo hilo. Gibson haikuweka namba kwenye Les Paul za 1952. Ilianza 1953, kwa muhuri wa wino nyuma ya kichwa cha gitaa, tarakimu ya kwanza ikiwa ya mwaka. Namba hiyo haikuchongwa kwenye mbao. Msasa ukipita nyuma ya kichwa, wino unaondoka, na gitaa linabaki bila utambulisho. Upande wa mbele, maneno ya jina la Les Paul yamechapwa kwa rangi ya dhahabu, na hayo nayo hufutika palepale. Matundu ya skrubu, kingo za shimo la pikapu (kifaa chenye sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), mstari ambapo rangi inakutana na utepe wa plastiki pembeni mwa bodi: kila sehemu ina alama ndogo za jinsi wafanyakazi wa kiwanda kile walivyofanya kazi yao, na fundi wa leo hawezi kuzirudisha. Anaweza kuziiga tu.

Fundi: “Hilo silipingi. Ninachopinga ni mkusanyaji kusema kana kwamba kila gitaa la zamani lina rangi yake ya kwanza. Mengi hayana. Watu wa miaka ya sitini na sabini waliyapiga rangi bila kuwaza, maana yalikuwa magitaa yaliyotumika tu. Kabla ya kubishania kuhifadhi, tuangalie kama kuna cha kuhifadhiwa.”

Hapa fundi anaupanga mjadala vizuri kuliko wenzake. Swali la kwanza ni kujua kilichopo juu ya mbao, na uchunguzi wake una hatua zinazojulikana.

Vanishi ya nitroselulosi hukauka kwa njia moja tu: thina inapaa hewani na kuacha utando mgumu. Hakuna badiliko la kikemia linalotokea, tofauti na poliesta na poliyurethani zilizoingia viwandani baadaye, ambazo zikishikana hazirudi kuwa majimaji. Kwa hiyo tone la thina linaloilainisha vanishi huonyesha kuwa ni nitro, ingawa jaribio hilo hufanywa mahali pasipoonekana, tena na mtu anayejua anachofanya. Vanishi hiyo pia huzeeka kwa namna yake. Huwa ya njano, husinyaa na kuzama kwenye vinyweleo vya mbao, na hupasuka nyufa pale mbao inapotanuka au kunywea haraka kuliko vanishi inavyoweza kuifuata. Gitaa lililotolewa kwenye gari wakati wa baridi kali na kufunguliwa ndani ya chumba chenye joto linaweza kupata nyufa hizo usiku mmoja.

Kifaa kinachotegemewa zaidi ni taa ya urujuanimno. Vanishi ya nitro iliyozeeka hung'aa chini yake kwa rangi ya manjano inayoelekea kijani, na mng'ao huo unapaswa kuwa sawa uso mzima, ukipungua pale palipochakaa. Sehemu iliyopulizwa vanishi baadaye huonekana tofauti, mara nyingi kama doa jeusi au la zambarau, hata kama mchana haionekani kabisa. Wakati huohuo vifuniko vya nyuma hufunguliwa. Vidhibiti vya sauti vina namba za mtengenezaji na tarehe: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Lehemu isiyoguswa ina rangi iliyofifia. Iliyorudiwa hung'aa au imezagaa ovyo. Hayo si mambo ya rangi, lakini husaidia kujua kama aliyefungua gitaa alikuwa na nia ya kubadilisha vitu.

Katika gitaa hili taa inaonyesha mng'ao mmoja mbele na nyuma ya bodi. Namba ya wino ipo, inaanza na 4. Kijani kilichomsumbua mrithi kimetokana na shaba ya ule unga: vanishi ya juu ilipolika, jasho likaifikia shaba hiyo na kuibadilisha rangi. Kwa mkusanyaji kijani hicho ni karibu hati ya kuzaliwa, kwa sababu dhahabu ya kisasa iliyopulizwa na fundi haina miaka ya kutosha kufikia hapo.

Mkusanyaji: “Basi mjadala umekwisha. Rangi ni yake. Liachwe.”

Fundi: “Umekwisha kwa gitaa hili, si kwa mengine. Nikubali nimalize.”

Hoja ya fundi inahusu magitaa ya kundi la pili, ambayo ni mengi kuliko wakusanyaji wanavyopenda kukiri. Ni Les Paul za dhahabu ambazo zamani zilikwanguliwa na mtu aliyependa mbao, zikapigwa rangi ya kopo, zikatobolewa matundu ya daraja jipya la nyuzi na kuchimbwa mashimo mapana ili pikapu za hambaka ziingie. Zile za 1952 zilikuwa na sababu ya ziada ya kuchokonolewa: shingo yake imeinama kidogo mno, na kishikio cha nyuzi cha mwanzo kilipitisha nyuzi chini ya chuma badala ya juu yake, kwa hiyo kiganja cha mpigaji hakikuwa na pa kutulia. Wenye magitaa walitafuta dawa, na dawa ilikuwa kutoboa. Gitaa la namna hiyo limeshapoteza ile nusu. Fundi anauliza kwa nini basi lisirudishwe katika hali ya kupendeza, au hata ligeuzwe sanbasti, maana mbao zake ndizo zilezile zilizotengeneza sanbasti za 1958 hadi 1960.

Kugeuza huko kumekuwa fani kamili Marekani na kwingineko. Fundi Tom Murphy, aliyepata sifa kwa kuzeesha vanishi mpya mpaka ifanane na ya zamani, ni jina linalotajwa sana. Kampuni za Gibson na Fender zenyewe zinauza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi. Fender ilianza biashara hiyo katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo ufundi upo, na fundi hazungumzi ndoto.

Lakini kazi yenyewe ina hatari ambazo mteja haelezwi mapema. Dawa za kung'olea rangi huyeyusha pia utepe wa plastiki unaozunguka bodi, hivyo fundi makini hukwangua kwa mkono badala ya kumwaga kemikali. Uso wa Les Paul una mbinuko uliochongwa. Msasa ukizidi, mbinuko unapungua na gitaa linabadilika sura milele. Halafu kuna mepli yenyewe. Kiwanda hakikuchagua mbao nzuri kwa gitaa lililokusudiwa kufunikwa dhahabu. Vipande viwili visivyolingana, au kiungo kilichokaa mbali na katikati, havikuwa kasoro mwaka 1954 kwa sababu hakuna aliyeviona. Mwenye gitaa anayengoja mistari mizuri kama ya sanbasti maarufu anaweza kukuta mbao isiyo na pambo lolote, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Mkusanyaji: “Na hilo gitaa likishageuzwa, litauzwa mara tatu. Mnunuzi wa kwanza ataambiwa. Wa pili atanong'onezwa. Wa tatu atauziwa sanbasti ya 1959.”

Fundi: “Mimi huandika ndani ya shimo la pikapu jina langu na mwaka, na picha nampa mwenye mali. Mwizi akifuta, kosa si langu.”

Mkusanyaji: “Shimo la pikapu hufunguliwa na nani, baba? Mnunuzi hupenda uso.”

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila ya mkusanyaji ni nzito zaidi. Bei ya sanbasti imevutia udanganyifu wa kila aina, na gitaa lililogeuzwa na fundi mwaminifu ni malighafi nzuri kwa mtu asiye mwaminifu. Hata hivyo jibu la hatari hiyo ni maandishi ya wazi yanayosafiri na gitaa. Kumkataza mwenye gitaa lililoharibika asilitengeneze, ili soko la wengine libaki safi, ni kumtwika mzigo usio wake.

Mpigaji amekaa kimya mpaka hapa. Anaingia kwa hasira kidogo.

Mpigaji: “Mnazungumza kama gitaa ni shamba. Hili lilitengenezwa lipigwe. Mzee alilimaliza rangi kwa mkono wake, na ndiyo maana linapigika. Kwa nini liende kwenye kabati la tajiri?”

Kauli yake ina mifano mikubwa nyuma yake. Mwanamuziki Neil Young anapiga Les Paul ya 1953 iliyokuwa ya dhahabu na ambayo ilipigwa rangi nyeusi ovyoovyo kabla haijafika mikononi mwake mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwa kipimo cha wauzaji lingekuwa gitaa lililoharibiwa. Kwa wasikilizaji ni sauti yake. George Harrison wa The Beatles alipewa na Eric Clapton, mwaka 1968, Les Paul ya 1957 iliyokuwa ya dhahabu ambayo Rick Derringer, mmoja wa wenye nayo wa awali, aliirudisha kiwandani Kalamazoo ikapigwa nyekundu. Clapton aliipiga katika wimbo wa Harrison “While My Guitar Gently Weeps” mwaka huohuo. Gitaa la dhahabu la mpigaji Duane Allman, pia la 1957, lina historia ngumu zaidi: mwaka 1970 alilitoa ili apate sanbasti, akazing'oa pikapu zake akahama nazo, na baada yake gitaa lilipigwa rangi zaidi ya mara moja kabla ya kurudishwa kwenye dhahabu. Mwaka 2019 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.25. Mpigaji Rory Gallagher wa Ireland alikuwa na Stratocaster ya Fender ya 1961, aliyoinunua Cork mwaka 1963, na rangi yake ilikwisha karibu yote kwa jasho na kazi. Oktoba 2024 ikafika paundi 889,400 pamoja na ada ya mnada huko London, kisha ikatolewa zawadi kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland.

Mpigaji anatoa mifano hiyo kama ushahidi kwamba rangi haina maana. Haithibitishi hivyo. Bei ya magitaa hayo imetoka kwa wenye nayo, na umaarufu wa mtu hufuta hesabu zote za kawaida. Mzee aliyepiga kwenye baa za mji wake, hata angekuwa fundi wa nyuzi kiasi gani, hakuacha jina ambalo mnada utalilipia. Mfano wa Gallagher, ukitazamwa vizuri, unamuunga mkono mkusanyaji: hakuna aliyeigusa rangi ile iliyochakaa ili kuipamba.

Mpigaji ana hoja nyingine, ya sauti. Anadai vanishi nyembamba iliyozeeka huiacha mbao ipumue na gitaa lilie vizuri zaidi, na kwamba rangi mpya nzito ingelinyonga. Imani hii imeenea sana. Katika gitaa la umeme lisilo na uwazi ndani, kinachosikika ni mtikisiko wa nyuzi za chuma juu ya sumaku ya pikapu, na mchango wa unene wa vanishi katika mtikisiko huo ni mdogo kiasi kwamba haufai kuamua jambo la maelfu ya dola. Pikapu za P-90 zilizomo, uzito wa mbao, hali ya freti (vyuma vyembamba vinavyovuka shingo) na mkono wa mpigaji vina nguvu zaidi. Kwa hiyo asiyetaka rangi mpya atafute sababu nyingine, na zipo.

Dalali: “Nimewasikiliza wote. Ndugu mrithi, wewe hupigi gitaa wala hukusanyi. Mimi nashauri liuzwe, na liuzwe lilivyo.”

Sababu zake ni za kibiashara. Soko la magitaa ya zamani lilipanda sana katika miaka ya kwanza ya karne hii, likaanguka pamoja na uchumi wa dunia mwaka 2008, na baadhi ya bei zilikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Waliokua na muziki wa miaka ya sitini ndio walioibeba thamani ya Les Paul, nao wanazeeka. Kama kizazi kinachofuata kitalipa vilevile, hakuna dalali anayeweza kuahidi. Asiye na matumizi ya gitaa anabaki na bima ya kulipia, unyevu wa chumba wa kuangalia na hofu ya wezi. Hata kisimamio cha gitaa kinaweza kuwa adui: mpira wa visimamio vya bei nafuu humenyuka na vanishi ya nitro na kuacha doa lisilotoka.

Njia za kuuza hazihitaji maelezo marefu. Duka la magitaa ya zamani likinunua kwa fedha taslimu, mrithi hulipwa siku hiyohiyo lakini kwa bei ya chini, kwa sababu duka nalo linataka faida. Likipokea gitaa kwa makubaliano ya kuuza kwa niaba yake, huchukua kamisheni na huenda miezi ikapita. Mnada hutoza ada, mara nyingi kwa muuzaji na mnunuzi pia, na hufaa zaidi kwa gitaa lenye historia. Kuuza ana kwa ana huacha fedha nyingi mkononi, ila pamoja na kazi yote na hatari yote. Nchini Marekani faida ya vitu vya kukusanywa inaweza kutozwa kodi ya hadi asilimia 28, ingawa kwa kitu kilichorithiwa hesabu huanzia thamani ya siku mwenye mali alipofariki. Kwa hiyo tathmini ya maandishi inapaswa kufanywa mapema, kabla gitaa halijaanza kutembezwa kwa wanunuzi.

Mnunuzi akiwa nje ya Marekani, linaingia suala la mbao. Ubao wa freti wa Les Paul za miaka hiyo ni rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, ambayo tangu 1992 imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini. Haivuki mpaka kibiashara bila cheti kinachoonyesha kwamba ilikatwa kabla ya ulinzi huo kuanza. Mwaka 2017 spishi nyingine zote za Dalbergia ziliwekwa katika Kiambatisho cha Pili, ukiwemo mpingo wa Tanzania na Msumbiji unaotengenezewa zumari za Ulaya. Ala zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa masharti mwaka 2019, lakini rozwudi ya Brazili haikuguswa na unafuu huo. Gitaa linalotumwa London au Dubai bila karatasi hizo linaweza kuishia kwenye ghala la forodha.

Mrithi: “Na kama nikiamua kulibakisha nyumbani?”

Fundi: “Libakie. Sikulazimishi kuliuza ili tu kuepuka rangi. Nitakurekebishia vinavyoweza kurudishwa.”

Jibu hilo linatenganisha mambo mawili ambayo swali la mwanzo liliyaunganisha. Kupiga rangi na kuuza si njia mbili za kuchagua moja. Gitaa lenye rangi ya kiwandani halipigwi rangi, liwe linauzwa au linabaki. Na gitaa ambalo rangi yake ilikwisha kuondolewa linaweza kupigwa, liwe linauzwa au linabaki, ilimradi ijulikane kwamba gharama ya fundi, ambayo ni kuanzia mamia ya dola hadi elfu kadhaa kwa kazi ya nitro, huenda isirudi yote kwenye bei. Anayepanga kuuza gitaa la namna hiyo ni afadhali apunguze bei na kumwachia mnunuzi achague rangi yake mwenyewe. Anayepanga kulipiga na kulipenda ana sababu ya kutosha kulipa.

Kwa gitaa la 1954, kazi inayokubaliwa na wote wanne ni fupi. Uso unafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila dawa ya kung'arisha, kwa kuwa dawa hizo husaga vanishi na kujaa kwenye nyufa. Vigingi vya Grover vinaweza kutolewa na vya aina ya Kluson kurudishwa kwa pete za chuma zinazoziba upana wa tundu, bila gundi wala kuchimba. Grover zenyewe zinawekwa ndani ya sanduku la gitaa, kwa sababu ni sehemu ya historia yake. Freti zilizolika zikibadilishwa, bei haishuki sana, maana wanunuzi wanajua freti ni kitu cha kuisha, ijapokuwa vipande vidogo vya plastiki vilivyoachwa na kiwanda kwenye ncha za freti hupotea katika kazi hiyo. Picha za kila upande, chini ya mwanga wa kawaida na chini ya urujuanimno, huchukuliwa kabla ya lolote.

Kinachobaki na ubishi ni shingo. Taa iliyoonyesha bodi safi inaonyesha doa refu jeusi nyuma ya shingo, chini ya kichwa, ambapo inaonekana marehemu au fundi wake alipuliza vanishi nyembamba zamani ili kuziba sehemu iliyochakaa. Fundi anataka kuiondoa, kwa imani kwamba chini yake vanishi ya kwanza bado ipo. Mkusanyaji anakumbusha kwamba nitro iliyopulizwa juu ya nitro huyeyuka na kuingiana nayo. Mipaka kati ya tabaka la 1954 na la baadaye huenda haipo tena, na kuifuata kwa karatasi ya msasa kunaweza kuyaondoa yote mawili. Kama vanishi ya juu ingekuwa poliyurethani, fundi angekuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mara nyingine hubanduka na kuiacha ya chini. Tone la thina, likiwekwa kwenye doa lenyewe karibu na ukingo wake, litaonyesha ipi kati ya hizo mbili iliyopo. Dalali haoni haja hata ya tone hilo: anataka doa liandikwe kwenye maelezo ya mauzo, bei ipunguzwe kidogo, na uamuzi uhamie kwa mnunuzi pamoja na gitaa.